Uzi: Chupa ya waini ikishafunguliwa hapa Malindi, ifanywe nini isichache?

Kaunta_Pwani
Salaam wadau wa hoteli, mikahawa na nyumba za wageni, kuanzia Watamu hadi Mambrui. Msimu wa mvua ndio huu, wageni wamepungua, na waini inayouzwa kwa glasi inalala kwenye chupa. Chupa ya ml 750 hutoa glasi tano za ml 150. Ukiuza mbili, tatu zinabaki, na joto letu halimsubiri mtu. Naomba mbinu zenye vipimo: nini kifanywe saa ileile, chupa ikae wapi, itadumu siku ngapi, kifaa gani kinafaa kununuliwa na kipi ni kutupa pesa. Nyeupe, nyekundu, rozei, na zile za mapovu.

Stoo_na_Barafu
Ndugu Kaunta, tuanze na kinachoiharibu, maana ukikijua hicho mbinu nyingi utazipima mwenyewe.

Waini iliyofunguliwa huharibiwa na oksijeni, na joto ndilo linaloamua kasi. Oksijeni huanza kwa kuondoa harufu ya matunda. Kisha hugeuza sehemu ya kileo kuwa asetaldehaidi, ndiyo ile harufu ya tofaa lililopondeka likaanza kuwa kahawia. Mwisho huja bakteria wa siki. Hao bila hewa hawafanyi kazi, lakini wakiipata hubadilisha kileo kuwa asidi ya siki, na njiani hutoa harufu kali kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Sasa piga hesabu. Chupa iliyobaki nusu ina hewa kama ml 375 juu ya waini. Humo oksijeni ni karibu ml 80, yaani takriban miligramu 100. Waini iliyobaki, hata kama imeshiba hewa wakati wa kumiminwa, imebeba kama miligramu 3 tu. Kwa hiyo shida kubwa si ule mmimino, ni nafasi tupu iliyo juu. Kurudisha kizibo na kuondoka ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba.

Kuhusu joto, kanuni ya jumla ni kwamba nyuzi 10 zikipanda, kasi ya mabadiliko huwa kama maradufu. Kaunta ya Malindi wakati wa kaskazi ni nyuzi 30 na zaidi. Friji nzuri ni 4 au 5. Tofauti hiyo ni kasi ya mara tano au sita. Ndiyo maana vitabu vya Ulaya vinavyosema nyekundu ikae mezani siku tatu havitufai. Meza yao ina nyuzi 18.

Kwa hiyo waini yoyote iliyofunguliwa iingie friji, na nyekundu pia.

Binti_Shella
Nyekundu kwenye friji, mzee Stoo? Wageni Waitaliano wakiletewa Chianti ya baridi wanairudisha.

Stoo_na_Barafu
Dada, friji ni ya kuhifadhi, si ya kuandalia. Nyekundu ikiwa baridi sana huonekana chungu na ngumu mdomoni, hapo wageni wana haki. Itoe mapema. Chupa iliyobaki nusu, katika chumba cha nyuzi 30, huchukua kama nusu saa kutoka nyuzi 5 hadi 16 au 17, na hapo ndipo inaponyweka vizuri. Ukiwa na haraka, mimina kwenye glasi pana uiache dakika kumi hivi, glasi hupata joto upesi kuliko chupa. Usiiweke juani wala kwenye maji moto.

Ukiona chembe zinazometa kama chumvi chini ya chupa iliyokaa friji, hizo ni fuwele za asidi ya zabibu. Hazina madhara. Mimina polepole zibaki chini.

Mpishi_Mayungu
Njia ninayoisimamia mimi haihitaji kifaa cha kuagiza nje. Ni chupa ndogo, iliyojaa hadi shingoni. Ila siri yake iko kwenye wakati: ihamishe waini dakika unayofungua chupa kubwa, si usiku ukishafunga kaunta. Waini iliyoshinda na hewa saa sita imeshaanza safari, na kuihamisha hakuirudishi nyuma.

Vinavyohitajika:

– Vichupa vya kioo vya ml 250 vyenye kifuniko cha kusokota. Vile vya kota vya pombe kali vinafaa sana, na vipo kila mahali. Chupa ndogo za waini za ml 187 au 375 ni bora zaidi ukizipata. Chupa ya soda ya kioo haifai, kizibo chake hakifungiki tena.
– Faneli ndogo yenye mrija unaofika karibu na kitako cha kichupa. Mrija mfupi hufanya waini iruke na kuchanganyika na hewa.
– Maji moto na magadi ya kuokea.

Osha kichupa kwa maji moto na kijiko kimoja cha magadi, suuza mara tatu, kiiname hadi kikauke. Sabuni yenye manukato usiitumie, harufu yake haitoki. Kagua kifuniko zaidi ya chupa: ule utando mwembamba ulio ndani hushika harufu ya pombe iliyokuwemo kwa muda mrefu. Ukinusa ukaisikia, tafuta kifuniko kingine. Kama mdomoni pana kile kiplastiki cha kuzuia kujazwa tena, king'oe kwa kisu kabla ya kuosha.

Fungua chupa kubwa. Inamisha kichupa, mimina polepole waini iteremke kwenye ukuta wa kioo. Jaza mpaka ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja tu shingoni. Funga kwa nguvu, andika tarehe, friji. Vichupa viwili vikijaa, kwenye chupa kubwa hubaki glasi moja na nusu hivi ya kuanzia kuuza. Mgeni akija wa pili na wa tatu, unafungua kichupa.

Hesabu ya mzee Stoo inaeleza kwa nini inafanya kazi. Nafasi ya ml 5 ina oksijeni ml 1 tu, miligramu moja na kidogo, badala ya mia. Nyeupe ya kawaida au nyekundu yenye nguvu, ikijazwa hivyo na kukaa nyuzi 4, hudumu wiki nzima ikiwa bado na matunda yake.

Kijana_Kakoneni
Na chupa za plastiki za maji?

Mpishi_Mayungu
Kwa siku mbili, sawa. Zina faida moja: unaweza kuibonyeza hadi waini ifike mdomoni kabisa, ukafunga bila hewa. Lakini plastiki hiyo hupitisha oksijeni polepole, kwa hiyo usiitegemee wiki. Na usirudie ileile, kifuniko chake hulegea.

Kijana_Kakoneni
Kuna watu wanatia gololi ndani ya chupa ili waini ipande juu.

Stoo_na_Barafu
Gololi ya milimita 16 ina ujazo wa ml 2 na kidogo. Kujaza nusu chupa utahitaji gololi 175 hivi, zote zioshwe moja moja, na zikidondoka zinaweza kupasua kitako. Vichupa vya Mpishi ni rahisi zaidi.

Kaunta_Pwani
Nimeelewa vichupa. Pampu je? Kuna mgeni ametuachia moja ya Vacu Vin na vizibo vinne vya mpira.

Stoo_na_Barafu
Itumie, ila ujue mipaka yake. Pampu hupunguza hewa, haimalizi. Chupa iliyobaki robo bado itakuwa na oksijeni ya kutosha kuiharibu, kwa hiyo pampu inafaa zaidi kwa chupa iliyotolewa glasi moja au mbili.

Futa mdomo wa chupa ukauke, maana waini iliyoganda hapo huzuia mpira kushika. Bonyeza kizibo, pampu mpaka usikie mlio wake au mkono uhisi ugumu, kisha acha. Kuendelea kupampu hakuongezi kitu.

Tatizo kubwa ni mpira kuchoka. Kipimo ni hiki: kesho yake bonyeza mdomo wa kizibo pembeni usikilize. Ukisikia "fsss" ya hewa kuingia, kilishika. Kimya maana yake kilivuja usiku na chupa ilikuwa wazi. Hapa kwetu chumvi ya bahari na vumbi hukausha mpira mapema. Vioshe kwa maji matamu, usivipake mafuta. Vizibo hivyo huuzwa peke yake, huhitaji kununua pampu nyingine.

Na Prosecco usiipampu kamwe. Utakuwa unatoa yale mapovu unayotaka kuyalinda.

Binti_Shella
Tuelezeni basi ile gesi ya kupulizia ndani ya chupa. Kuna kopo jepesi sana, ukilishika unadhani limekwisha.

Stoo_na_Barafu
Kopo hilo, kama Private Preserve, lina mchanganyiko wa naitrojeni, kaboni dayoksaidi na argoni. Ni jepesi kwa sababu ni gesi tupu. Usilitupe kwa kudhani limekwisha, lijaribu kwanza.

Watu husema argoni ni nzito kuliko hewa kwa hiyo hulala juu ya waini kama shuka. Uzito ni kweli, shuka si kweli: gesi huchanganyika zenyewe baada ya muda. Kinachosaidia ni kwamba gesi imesukuma oksijeni nje *kabla* hujafunga. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye mkono. Shika kizibo tayari karibu na mdomo wa chupa. Elekeza mrija kwenye ukuta wa shingo, si katikati, gesi isichapane na waini. Bonyeza mara moja kwa sekunde nzima, kisha mara tatu fupi, ufunge papo hapo. Ukizunguka kutafuta kizibo, gesi imekwisha kazi. Chupa ibaki wima, na friji bado inahitajika.

Ndugu wengine watafikiria argoni ya mafundi wa kuchomelea. Msiifanye. Gesi ya karakana haikupimwa kwa matumizi ya chakula, mitungi mingine imechanganywa, na mtungi ukivuja kwenye stoo iliyofungwa unaondoa hewa ya kupumua.

Kuna na Coravin, iliyoingia sokoni mwaka 2013, ya Mmarekani Greg Lambrecht. Sindano nyembamba hupita ndani ya kizibo, argoni inaingia, waini inatoka, na sindano ikitolewa kizibo cha asili hujifunga. Chupa haijafunguliwa kabisa, ndiyo maana hudumu wiki na miezi. Inafaa kwa chupa za bei kubwa. Kizibo cha plastiki hakijifungi, hapo haifai, na chupa za kusokota zina kifuniko chake maalumu. Ila kwa Malindi kikwazo ni vidonge vya gesi: haviruhusiwi ndani ya ndege za abiria, hata kwenye begi la mizigo. Usimwagize mgeni akuletee. Kama huna njia ya meli au duka la Nairobi, mashine itakaa bure.

Mpishi_Mayungu
Naongeza jambo la vifuniko. Vijana wengi wa huku wamekua karibu na mnazi, na mnazi hauzibwi kabisa. Unapotoka mtini bado unachachuka na kutoa gesi; ukiufunga kwa nguvu chupa hupasuka. Basi mazoea hayo yanahamia kwenye waini, kizibo kinawekwa juujuu "ipumue". Waini ya zabibu imemaliza kuchachuka kiwandani. Haina gesi ya kutoa wala haja ya kupumua usiku kucha. Izibwe barabara.

Kizibo cha mti kirudishwe upande uleule uliokuwa umegusa waini. Upande wa nje una vumbi na ukungu wa stoo. Kikikataa kuingia, usikichonge kwa kisu, tumia kifuniko cha mpira.

Kaunta_Pwani
Siku, wakuu. Nataka kubandika karatasi kaunta.

Stoo_na_Barafu
Hizi ni za chupa iliyozibwa vizuri, friji nyuzi 4 au 5, bila pampu wala gesi, imebaki zaidi ya nusu. Ikibaki robo, kata muda kwa nusu.

Nyeupe nyepesi na rozei, kama Pinot Grigio au Vermentino: siku 3 hadi 5. Nyeupe nzito iliyokaa kwenye pipa: siku 3. Nyekundu nyepesi: 2 hadi 3. Nyekundu nzito, kama Primitivo: 3 hadi 5, kwa sababu tanini zake, ule ukakasi wa maganda ya zabibu, huikinga. Tamu hudumu kidogo zaidi kuliko kavu. Marsala na Porto ya rangi ya kahawia zimeongezwa kileo, zinakwenda mwezi na zaidi, mradi zikae friji. Waini ya zamani ya miaka mingi na zile zisizotiwa salfa ziuzwe siku hiyohiyo. Salfa ndiyo iliyokuwa mlinzi wao, na hizo hazina.

Usiweke mlangoni mwa friji. Kila ukifungua, chupa inatikiswa na kupata joto. Rafu ya ndani, wima. Ukiilaza, uso wa waini unaogusa hewa unakuwa mkubwa mara nyingi. Na zile friji za kioo zenye taa, ninyi wa baa mnazijua: weka kipimajoto ndani, nyingi zinaendeshwa nyuzi 8 au 10, na waini iliyo kwenye chupa ya kioo kisicho na rangi huharibiwa na taa pia. Ipeleke nyuma ya zile za kijani.

Fundi_Majokofu
Na stima ikipotea? Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa 4, basi kila mtu aache kuifungua. Stima ikichelewa, hamishia kwenye boksi la barafu. Tia barafu na maji pamoja, yafike mabegani mwa chupa. Barafu tupu huacha mianya ya hewa na chupa inapoa upande mmoja. Usitie chumvi, inashusha baridi chini ya sifuri. Na lebo za karatasi hubanduka majini, kwa hiyo tarehe iandikwe shingoni kwa makapeni, si kwenye lebo.

Pia angalieni mpira wa mlango wa friji. Unyevu wa pwani huuotesha ukungu, ukalegea. Bana noti kwenye mlango: ikivutika bila kushika, mpira ubadilishwe.

Binti_Shella
Mapovu bado. Jikoni kwetu wanaweka kijiko kwenye shingo ya Prosecco.

Stoo_na_Barafu
Kijiko hakifanyi lolote, dada. Kinachobakisha mapovu ni baridi, kwa sababu gesi hukaa ndani ya maji baridi na kukimbia maji yenye joto. Ndiyo maana chupa yenye kijiko ikiwa friji huonekana imepona. Hata bila kijiko ingepona hivyohivyo.

Nunueni kizibo cha chuma chenye mabawa mawili yanayobana chini ya ukingo wa shingo. Kizibo cha kawaida kitaruka, maana Prosecco yenye mapovu kamili ilifungwa kwa msukumo wa zaidi ya mara tatu wa hewa, na Champagne mara tano au sita. Funga mara tu baada ya kumimina, rudisha friji au kwenye maji ya barafu, wima. Siku moja inauzika kama mpya, ya pili kwa kuchanganya na juisi, ya tatu jikoni. Lambrusco na zile zilizoandikwa frizzante zilianza na gesi kidogo, zipe siku moja tu. Ukifungua tena, funika kizibo kwa taulo na uelekeze mbali na uso.

Kijana_Kakoneni
Na waini za boksi?

Mpishi_Mayungu
Kwa msimu huu wa wageni wachache, ndilo jibu la bei nafuu. Mfuko wa ndani hujikunja kadiri waini inavyotoka, hewa haiingii. Ukishafunguliwa na kukaa friji, hesabu wiki 4 hadi 6. Lakini kabla ya kufunguliwa boksi halitunziki kama chupa, mfuko unapitisha oksijeni kidogokidogo, na stoo ya joto huharakisha. Soma tarehe ya kupakiwa kabla ya kununua, usichukue lililokaa rafuni mwaka mzima. Futa bomba kila usiku. Tone linalobaki huita vile vinzi vidogo, na ndivyo vinavyobeba bakteria wa siki.

Binti_Shella
Wafanyakazi wengi wa kaunta zetu ni Waislamu, hawaonji. Watajuaje imeharibika?

Stoo_na_Barafu
Pua na macho yanatosha, na kuonja si lazima. Mimina vijiko viwili kwenye glasi safi, zungusha, nusa mara moja kwa nguvu. Kisha fungua kichupa cha waini hiyohiyo kilichojaa, au soma kwenye daftari maelezo yaliyoandikwa siku ya kufungua, ulinganishe. Harufu ya matunda ikiwa imefifia tu, imechoka. Hiyo iende jikoni. Ikinuka tofaa lililopondeka, njugu zilizokaa, siki au rangi ya kucha, isimfikie mgeni. Kisha iweke glasi juu ya karatasi nyeupe: nyeupe iliyogeuka dhahabu nzito, au nyekundu iliyopata ukingo wa kahawia ambao jana haukuwepo, imekwenda.

Mpishi_Mayungu
Kuhusu kuipeleka jikoni: iliyochoka, ndiyo, iliyochacha, hapana. Ukiipika inapungua maji na ukali unazidi, sosi nzima inaharibika. Iliyochoka igandishe kwenye trei ya barafu, kila kipande kama ml 30, kisha hamishia kwenye mfuko uliofungwa. Vipande vinne vinatosha pweza wa kilo moja. Kwenye friza vitabaki laini kidogo kwa sababu ya kileo, ni kawaida. Usiingize chupa ya kioo kwenye friza, itapasuka.

Iliyochacha ifanyeni siki kwa makusudi: sehemu tatu waini, moja maji, moja siki ya mnazi isiyochemshwa. Mtungi wa mdomo mpana, kitambaa kifungwe juu, kivulini, wiki kadhaa. Na mtungi huo ukae mbali kabisa na stoo ya waini.

Kaunta_Pwani
Swali la mwisho. Kizibo kimevunjika, unga umeingia ndani. Nihamishie kwenye vichupa hivyohivyo?

Mpishi_Mayungu
Chuja kwanza. Weka karatasi ya kuchujia kahawa ndani ya faneli, uilowanishe kwa maji ili isitoe ladha ya karatasi, kisha mimina kidogokidogo. Kuchuja huingiza hewa zaidi, kwa hiyo vichupa hivyo viandikie alama na vitoke kabla ya vingine, ndani ya siku tatu.